Siku ya Sita Jikoni

Bwana asifiwe, wapendwa. Somo letu wiki hii ni Kutoka 16.

Tumezoea kuihubiri mana, chakula ambacho Mungu aliwapa Israeli jangwani, kama onyo kwa wenye hofu ya kesho: okota ya leo, ya kesho anayo Mungu. Ni kweli, na aliyelaza chakula kwa kutoamini alikikuta kina mabuu. Lakini katika sura hiyohiyo ipo siku ambayo kuweka akiba ndiko kulikuwa utii. Siku ya sita, kabla ya Sabato, waliokota maradufu, wakaambiwa waoke na kuchemsha, na kitakachobaki kilindwe hadi asubuhi. Hakikuoza.

Nawafikiria wazazi walio kati yetu ambao nguvu zao hazina ratiba. Mama mwenye seli mundu. Baba aliye kwenye dawa za kifua kikuu, miezi sita bila kuruka. Dada aliyejifungua juzi na damu ikapungua. Jumatatu anafua na kupiga deki, Jumatano mwiko unamshinda, na watoto wanarudi kutoka shule na njaa ileile.

Mtu wa namna hii, siku njema ikimjia, huilipisha madeni ya wiki nzima. Nguo zote, nyumba yote, na matoke, ndizi za kupika, ya kufunga kwa majani juu yake. Kesho yake hainuki. Siku ya sita ilikuwa na kipimo, maradufu basi. Nguvu za leo nazo zibakizwe nyingine kwa ajili ya kesho.

Basi jioni akiwa mzima, maharage yalowekwe. Yakilala majini, asubuhi yanawahi kuiva na mkaa kwenye sigiri hauliki sana. Yachemshwe ya siku mbili bila kuungwa: mengine yaliwe leo na posho, yaani ugali, mengine yakipoa yafunikwe mahali pa baridi, kesho yatokote tena sawasawa na kutupiwa ndizi, nyanya na kitunguu. Katogo imepatikana, sufuria moja. Bila friji yasivuke hapo, maana mabuu ya Kutoka bado yapo hapa kwetu Jinja, Uganda. Kumenya ndizi waachiwe watoto wakubwa, wapakwe mafuta mikononi utomvu usigande. Na mvulana naye ana mikono.

Najua kuna nyumba ambazo katogo usiku ni aibu. "Wakwe wakija watasemaje?" Matoke yaliyoiva polepole ndani ya majani ni chakula cha heshima, nami nayapenda kuliko wengi wenu. Lakini Kutoka 16:35 inasema Israeli walikula mana miaka 40. Chakula kimoja, miaka 40, na Mungu hakuionea haya meza yake.

Wengine humshikia mgonjwa Marko 1:31, kwamba mama mkwe wa Simoni aliinuka akawatumikia. Someni mstari wote: homa ilimwacha kwanza.

Hapo ndipo linakuja letu sisi wageni. Tunakwenda watu kumi kumwombea mama mgonjwa, tunaimba, tunafunga maombi, halafu tunakaa. Tunakaa kwa sababu tumesikia sauti ya vikombe. Yule tuliyetoka kumwombea nguvu anazitumia zile alizobakiwa nazo kutukaangia karanga, na sisi tunasema "asante mama, usingejisumbua" huku tukipokea sahani. Yethro alipomwona Musa amezidiwa na kazi, Kutoka 18, hakungoja kukaribishwa chai. Alimwambia wazi kwamba kazi ile huiwezi peke yako, akamwonyesha namna ya kuigawa.

Ijumaa tunamtembelea dada yetu aliyetoka hospitali. Kila nyumba ije na kitu kilichokwisha kuchemshwa au kumenywa, pamoja na chupa ya chai na vikombe vyetu wenyewe. Akina baba watachota maji. Maombi yawe mafupi, na kabla ya saa kumi na mbili jioni tuwe tumeondoka ili watoto waogeshwe.