Sumaku imenasa kwenye gari la faibaglasi

Jamani, leo nimecheka hadi nikakaribia kulia. Ile Lotus Elan yangu ya 1967, gari dogo la michezo la Uingereza, bodi yake nzima ni faibaglasi (nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa plastiki), chuma ni chesisi tu, yaani fremu ya kule chini. Sasa mwanangu alikuwa anachezea sumaku, akaibandika kwenye madigadi ya mbele. Ta! Ikanasa.

Nikachukua grainda. Rangi, puti (ile lipu ya kusawazishia bodi), kisha puti tena, unene wa kidole kizima. Chini yake kipande cha bati, kimepigwa riveti kuziba ufa! Kwa chumvi hii ya Malindi bati limeoza likavimba, nalo ndilo lililokuwa likipasua rangi kila mwaka huku mimi nalaumu jua. Fundi aliyelitia simjui, gari limepita mikono mingi. Ila puti aliilainisha vizuri, haki yake nimpe.

Nikamwita mzee mmoja anayeziba boti kule Shela. Kaangalia, kasema, "Mwanangu, hii ni boti yenye magurudumu." Tukauchimba ufa kwa mteremko mpana, tukapangusa kwa asetoni, tukalaza mati (mkeka wa nyuzi za kioo) na resini (plastiki ya maji inayoganda) tabaka kwa tabaka, viputo vya hewa tukivitoa kwa brashi. Tulianza baada ya Alfajiri, maana kwa joto la mchana resini inakugandia mkoponi hujaichota mara mbili.

Matundu ya riveti nimehesabu 14. Hayo ni ya kesho. Mwenye msasa namba 80 aniletee, wangu wote umeliwa na ile puti.