Meno sita

Jana jioni mwanangu alinikuta nikisukuma kigingi cha mbao nyuma ya gurudumu. "Baba, hendibreki si umeshaivuta? Kigingi cha nini tena?" Nikamjibu ni mazoea. Akaridhika, akaenda zake. Mimi nikabaki nimechuchumaa pale pale, mkono juu ya tairi.

Si mazoea. Ni shangazi yake.

Enzi hizo bado nilikuwa na ile Mazda MX-5 nyekundu ya kizazi cha kwanza, ya taa za kuinuka. Gari dogo, jepesi, kilo 1,000 halifiki, na nililipenda kupita kiasi. Breki zake zilikuwa zimelegea polepole mno hata mguu wangu ukazoea: kanyaga mara ya kwanza, pedali inazama, kanyaga ya pili, inashika. Hendibreki nayo kila ilipolegea nilikaza nati ya kebo pale kwenye mkono wake, ndani ya gari, nimekaa kwenye kiti changu. Dakika 5, kazi imekwisha. Nilifanya hivyo kwa miaka.

Siku hiyo tulisimama kwenye mwinuko. Dada alishuka akaenda nyuma kutoa mizigo kwenye buti. Nilivuta hendibreki, nikatoa gia, nikafungua mlango. Mguu mmoja ulikuwa tayari nje gari lilipoanza kurudi. Nikakanyaga, ikazama. Nikakanyaga tena, ikashika. Bampa lilikuwa limemgusa magoti. Hakupiga kelele. Alinitazama tu kupitia kioo cha nyuma, begi bado mkononi.

Kesho yake asubuhi nikapiga jeki, nikaweka stendi, nikafungua magurudumu ya nyuma. Pini ambazo kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski, huteleza juu yake zilikuwa zimekwama kwa kutu, kwa hiyo pedi ya ndani ilikuwa imelika karibu iishe na ya nje bado nene. Mafuta ya breki yalikuwa meusi kama chai iliyochemka sana. Mafuta hayo hunyonya unyevu hewani: ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230, lakini yakishalewa maji kiwango hicho hushuka hadi 155. Hayo yote nilisafisha, nikapaka grisi, nikabadilisha, nikatoa upepo nikianzia gurudumu lililo mbali zaidi. Sina mengi ya kueleza hapo.

Kilichonishika ni bolti moja.

Iko nyuma ya kalipa, ya spana namba 14, na ukiitazama utadhani imeshika kitu fulani. Haijashika kitu. Ni kifuniko. Niliifungua, nikaingiza alenkii, ile spana ya kijiti chenye pembe sita, ya milimita 4 ndani ya kile kitundu chenye giza, nikaipapasa mpaka ikakaa. Kwanza nililegeza kebo yote niliyoikaza miaka yote ile. Kamkono kadogo ka kalipa, kanakovutwa na kebo, kakarudi nyuma, tak, kakagonga kituo chake. Hapo ndipo nilipoelewa. Kwa kukaza kebo nilikuwa nimekazuia kale kamkono kasirudi mahali pake, na kasiporudi, kalipa haiwezi kujirekebisha pedi zinapolika. Nafasi kati ya pedi na diski ikawa inakua kila mwezi. Pedali ilizama kwa sababu ya nafasi hiyo hiyo. Breki mbili, ugonjwa mmoja, na dawa yangu ndiyo iliyoulea.

Nikazungusha alenkii taratibu, pedi zikisogea kwenye diski, mkono mwingine ukizungusha diski. Ilizunguka huru, kisha ikaanza kunong'ona, kisha ikakwaruza, kisha ikagoma kabisa. Nikarudisha theluthi ya mzunguko. Diski ikaachia. Nikafanya vivyo hivyo upande wa pili, kisha ndipo nikagusa kebo, kidogo sana.

Dada alikuja akasimama mlangoni. Sikumwita. Nikamwomba aingie avute hendibreki huku mimi nimeshika gurudumu. Akavuta polepole, akihesabu kwa sauti meno, ile milio ya tak tak ya mkono wa hendibreki. "Moja. Mbili. Tatu." Kwenye la nne nikasikia mkwaruzo. Kwenye la sita gurudumu likawa jiwe. Kitabu cha gari kinasema kati ya 5 na 7.

"Sita," akarudia, akashuka. Nikamwambia, "Nisamehe, dada." Akasema mikono yangu imechafuka, nikanawe.

Hatukuwahi kulizungumza tena. Gari lile lilishaondoka kwangu, na hili la sasa halina tatizo lolote. Nalipima mwenyewe kila baada ya miezi kadhaa. Kigingi naweka bado. Mwanangu akiuliza tena pengine nitamweleza, pengine nitamwachia shangazi yake. Sijui yeye anaikumbuka vipi siku ile.

Usiku kabla ya kulala nilitoka, nikaingia garini gizani, nikaiachia hendibreki na kuivuta upya, nikihesabu.