Siku moja na mashine ya shoti

Saa 1 na nusu asubuhi. Idara ya fiziotherapia bado tupu, na kazi yangu ya kwanza ni ya fundi: kukagua nyaya. Waya wa pedi hukatikia ndani, karibu na kichwa chake, na kwa nje huoni kitu. Najibandika pedi mbili mkononi, nawasha, natikisa waya. Msisimko ukikatikakatika, waya huo hauna kazi tena. Pedi za kunata zilizokauka ni mbaya zaidi, kwa sababu zikigusa ngozi upande mmoja tu, umeme wote unapitia hapo na ngozi inaungua. Kwa joto hili la Tanga gundi haidumu, ndiyo maana bado nazipenda zile pedi nyeusi za mpira unazozipaka jeli na kuzifunga kwa mkanda.

Saa 2. Mzee wa goti, mstaafu wa mashamba ya mkonge, ameshakaa kitandani na suruali ameikunja.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba dokta. Leo niongezee moto, ule wa juzi ulikuwa mdogo.”

Wengi wanaamini kwamba umeme usipouma hautibu. Kwa TENS, mashine ndogo ya kutuliza maumivu kwa umeme unaopitishwa kwenye ngozi, ni kinyume. Naiweka mapigo 100 kwa sekunde, kila pigo fupi kuliko sehemu ya elfu moja ya sekunde, na napandisha mpaka asikie mtekenyo mkali usiouma, kisha naacha. Neva nene zinazobeba habari za kuguswa zinaamka kabla ya zile nyembamba za maumivu. Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza mwaka 1965 kwamba hapo kwenye uti wa mgongo kuna kama mlango. Mzee nimemweleza hivi: daladala ikijazwa na abiria wa kuguswa, abiria wa maumivu anabaki kituoni. Akacheka, akasema basi huyo abiria wake ana nauli nyingi.

Pedi zikiwa bado gotini, namwomba asimame na kuketi, polepole, bila kushika kitanda. Hapo ndipo tunapogombana kila mara. Yeye anasema amekuja kwenye mashine, mazoezi atafanya nyumbani. Hafanyi, na anajua kwamba najua. Uingereza, mwongozo wa mwaka 2016 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba, unasema TENS isitolewe kwa maumivu ya kiuno, na ule wa 2022 unakataa tiba za umeme kwa viungo vilivyosagika kwa kuwa ushahidi hautoshi. Sibishani nao. Mtu akilala na pedi nusu saa kisha akaenda zake, ameburudika tu. Mimi naitumia ili mzee huyu asimame bila kukunja uso, maana akiogopa maumivu hatumii paja, na paja likinyong’onyea goti linazidi.

Saa 3 na nusu ni kijana wa bodaboda. Mguu ulivunjika, ukakaa kwenye plasta, na sasa paja la kulia ni jembamba kuliko la kushoto. Ukimwambia akaze, linatetemeka tu. Hapa sitafuti mtekenyo, nataka msuli ujikaze kweli. Mapigo 50 kwa sekunde, sekunde 10 kukaza, sekunde 50 kupumzika. Mpangilio huo umetokana na kazi ya Yakov Kots, Mrusi aliyewafanyia wanamichezo wa Kisovieti. Mapumziko marefu hivyo huwakera vijana, lakini yana sababu. Ukikaza msuli mwenyewe, ubongo unazungusha zamu, nyuzi hizi zikifanya kazi, nyingine zinapumzika. Mashine haijui zamu. Inaziamsha nyuzi zilezile zote kwa pamoja, na zinachoka haraka.

Namwambia mashine ikikaza, naye akaze. “Usiiachie ikufanyie, kaka.” Paja lilipopanda lenyewe mara ya kwanza alitoa simu akapiga video. Sawa, lakini video akipiga hakazi, kwa hiyo simu naiweka mezani.

Saa 5 kuna bibi mwenye kisukari ambaye nyayo zake zina ganzi. Jirani yake alipata nafuu ya mgongo kwa “shoti”, naye anataka ya miguu. Kabla ya umeme huwa napima ngozi: kitu chenye ncha na kitu butu, mgonjwa kafumba macho, aniambie kipi ni kipi. Bibi alikosea karibu kila mara. Asiyehisi hawezi kuniambia pedi inapounguza, na kidonda cha mguu wa kisukari si mchezo. Nikakataa. “Mjukuu wangu, unaninyima dawa?” Nikamwonyesha namna ya kukagua nyayo kila jioni kwa kioo, na kufanya mazoezi ya kusimama akiwa ameshika meza. Aliondoka amenuna.

Saa 6 na nusu umeme ukakatika. Mashine ndogo zinatumia betri, kwa hiyo TENS inaendelea, kubwa zinangoja. Katikati ya wali na maharage akaingia kijana wa mauzo na karatasi za mashine ya sumaku. Mashine yenyewe si uongo. Michael Faraday alionyesha mwaka 1831 kwamba sumaku inayobadilika huzaa umeme, na mwaka 1985 kule Sheffield, Anthony Barker na wenzake waliamsha ubongo wa mtu kwa koili, yaani waya uliozungushwa, iliyowekwa nje ya kichwa. Koili hiyohiyo ukiiweka juu ya neva ya mguu, msuli unaruka bila pedi wala jeli, hata juu ya nguo. Lakini mwenye betri ya moyo (pacemaker) haruhusiwi kuisogelea, na chuma karibu na koili ni tatizo, nami wagonjwa wangu wengi wa bodaboda wana vyuma mifupani.

Kilichoniudhi ni bangili za sumaku mfukoni mwake, “kwa wasiomudu mashine”. Sumaku iliyotulia kwenye mkono uliotulia haizalishi umeme wowote. Nilimwambia hivyo, akahamia mada ya punguzo.

Saa 8 mchana alikuja mvuvi niliyekuwa namsubiri kwa hamu. Kiharusi kimemwachia mguu wa kushoto unaoburuza vidole. Alipoona waya akasema yeye umeme wa mwilini anaujua: aliwahi kumshika samaki aina ya taa mwenye umeme wavuni, mkono ukafa ganzi mpaka kwenye bega. Nikamwambia Scribonius Largus, tabibu wa Roma ya kale, aliwakanyagisha samaki huyohuyo wagonjwa wa jongo. “Bure?” akauliza.

Tangu mwaka 1961, Liberson na wenzake walipotengeneza swichi ya kisigino, vipo vifaa vinavyoinua wayo vyenyewe mtu anapotembea. Sisi hatuna. Pedi moja naiweka chini kidogo ya goti kwa nje, pale neva inapopita juu ya mfupa, nyingine mbele ya mguu, swichi naishika mimi. Natembea kando yake nikitazama kisigino tu. Kikiondoka sakafuni nabonyeza, kikigusa naachia. Nikichelewa kidogo, vidole vinakwaruza na ananiangalia. Tulienda na kurudi ukumbini mpaka akachoka, kisha nikazima na kumwomba atembee bila kitu. Hatua chache za mwanzo vidole vilipanda. Halafu vikaanza kuburuza tena. Kesho tunaendelea.

Saa 12 jioni binti wa mzee wa goti akapiga simu: ameona kimashine cha TENS mtandaoni, amnunulie baba? Nikamuuliza kama mzee ana betri ya moyo. Hana. Nikamwambia pedi zisiwekwe mbele ya shingo wala juu ya kidonda, na asilale nazo. Na kabla ya hicho kimashine, amtafutie kwanza kiti kigumu kisichoyumba, maana anaketi kwenye sofa linalommeza, kisha ananidanganya kwamba kuna mahali pa kufanyia mazoezi.