Kata ya mwanangu

Msimu wa kaskazi wa mwaka 2016 mwanangu wa kwanza aling'olewa magego mawili kwa siku moja. Alikuwa na miaka 6. Nilimpakata kwenye kiti cha daktari, nimemkamata mikono yote miwili, naye analia huku akinitazama mimi, si daktari.

Kabla ya sindano daktari aliniuliza swali moja tu: "Mtoto akishikwa na kiu, anakunywa nini?"

"Juisi," nikajibu.

"Na maji?"

Sikuwa na jibu. Nyumbani kwetu Lamu, mtaa wa Langoni, jagi la juisi ya unga, ile ya rangi ya machungwa, lilikuwa halikauki kwenye friji. Alienda chuoni kusoma Kurani na chupa yake ya juisi, akirudi kuna soda. Maji tulimpa ya kumezea dawa.

Daktari hakunigombeza. Alinieleza kwamba vidudu vya mdomoni hula sukari na kutoa tindikali, na tindikali ndiyo inayolila jino. Mate hulisaidia jino kujirudi, lakini yanataka nafasi. Mtoto anayeonja juisi kidogo kidogo tangu asubuhi hadi magharibi hayapi mate nafasi hiyo. Wanangu wanne sasa, na maneno hayo bado nayasikia kila nikimwona mtoto anatembea na chupa ya rangi mkononi.

Nilimpa kwa mapenzi. Utotoni mwetu soda ilikuwa ya Idi na ya wageni. Sisi tuligombania kilichobaki kwenye chupa. Nilipoanza kushika pesa yangu mwenyewe niliapa mwanangu hatatamani kitu.

Tulitoka pale tukafuata barabara ya pwani, yeye kauma pamba, machozi yamemkauka mashavuni. Sikwenda kwangu. Nilikwenda kwa Mama, mtaa wa Mkomani.

Mama alimtazama mdomo, akanitazama mimi, akanyamaza. Kisha akaingia stoo akatoka na mtungi. Tangu friji iingie nyumba ile, mtungi ule ulikuwa umefunikwa gunia. Akausugua, akauanika juani mpaka alasiri, halafu akatia makaa kwenye chetezo, akarushia ubani, na kuuinamisha mtungi juu ya moshi. Mtoto alisahau maumivu yake. Alichuchumaa pembeni akiutazama moshi unavyochungulia chini ya mdomo wa mtungi.

"Bibi, unaupika?"

"Naufukiza. Kesho utanwa mai matamu."

"Utatia sukari?"

Hapo Mama akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Akamweleza kwamba maji matamu ni yale yasiyo na chumvi, na kwamba maji ya kunywa ya Lamu asili yake ni Shela, chini ya vile vilima vya mchanga anavyoteleza yeye na wenzake. Mvua inanyesha, mchanga unaimeza, na maji yale mepesi yanakaa chini huko juu ya maji ya chumvi. Mtoto akauliza kwa nini hayachanganyiki. Mama akasema Mungu kayapanga. Nami nikaona hiyo yatosha kwa usiku ule.

Akatia maji yaliyochemshwa na kupoa, akafunika kwa kitambaa cheupe.

Mtoto alipolala nilikaa jikoni na chupa tupu ya soda ya mililita 300. Nilisoma maandishi madogo ya ubavuni, nikapiga hesabu: sukari gramu 32 hivi. Nikachukua kijiko cha chai nikapima kwenye kisahani. Vijiko 8. Mwaka mmoja nyuma, 2015, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limehimiza sukari ya kuongezwa ipunguzwe, na kwamba mtu mzima akishuka hadi vijiko 6 hivi kwa siku ni bora zaidi. Mwanangu hakuwa hata na kilo 20. Nilikitazama kile kichuguu cheupe mpaka sisimizi wakaanza kukijia.

Asubuhi mtungi ulikuwa unatoka jasho. Maji hupenya kwenye udongo, yakikauka kwa nje yanaondoka na joto, ndiyo maana ya ndani hupoa bila umeme. Mwanangu aliupapasa tumbo kwa kiganja, akakipaka shavuni, upande ule uliovimba, akaacha kiganja hapo.

Mama akamtolea kata ndogo ya kifuu, mpini wake mfupi. "Hii ni yako. Asiitumie mtu."

"Hata mama?"

"Hata mamako. Njoo unwe."

Akachota, akamwaga nusu kifuani, akanywa kwa upande wa jino zima. Tulisubiri.

"Matamu?" Mama akauliza.

"Si matamu," akasema. "Yanuka ubani." Akachota tena.

Siku zile zilizofuata hazikuwa nyepesi. Siku ya tatu alililia juisi mpaka akalala bila kula vizuri, nami nilikuwa nimekwisha kumwaga jagi na sikununua jingine. Nilinunua mtungi. Niliuweka ukumbini, chini, pale anapofika mwenyewe, na kata yake ikaning'inia kwenye msumari nilioupiga usawa wa bega lake.

Jioni moja baba yake aliingia akitota jasho la bandarini. Kabla hajavua viatu alimkuta mtoto kasimama mbele yake, kashika kata kwa mikono miwili, anatembea polepole, macho hayaachi maji.

"Baba, usinishtue. Yatamwagika."