Sanduku la Kufuli Tatu

Umeme umekatika tangu isha na mvua ya vuli inapiga bati kama mtu anayemwaga kokoto. Naandika kwa simu, chaji imebaki kidogo, kwa hiyo nikikatisha ghafla mjue sababu.

Kilichoninyima usingizi ni habari niliyoisoma mchana, ya mji mdogo wa Elkhart, jimbo la Kansas, Marekani. Ni mji wa pembezoni usiofika watu 2,000. Huko wanalima ngano na mtama, wanafuga ng'ombe. Walikuwa na benki yao, Heartland Tri-State, na wenye hisa wengi walikuwa watu wa huko huko. Mwaka 2023 mkuu wa benki hiyo, Shan Hanes, alinaswa na matapeli wa sarafu za mtandaoni. Mbali na fedha zake, alichukua za kanisa, za klabu ya uwekezaji, na hata akiba ya masomo ya binti yake. Halafu, kati ya Mei na Julai, akahamisha dola milioni 47 za benki. Tarehe 28 Julai benki ikafungwa. Mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 24.

Mamilioni hayo sikuyashangaa sana, maana siwezi hata kuyapigia picha kichwani. Nilichokisoma mara tatu ni habari ya wafanyakazi. Benki ilikuwa na taratibu zake za kuhamisha fedha, wao walizijua, na fedha zikapita tu kwa sababu aliyeagiza ni yeye. Ni mtu wao. Anajulikana mji mzima.

Hapo nikaiweka simu chini, nikamkumbuka ami.

Sisi huku Pemba hatukuwa na benki ya kijiji. Tulikuwa na sanduku. Sanduku la bati, la kijani, lenye kufuli tatu, na funguo zake zikikaa kwa watu watatu wa nyumba zisizopakana. Kila Jumapili baada ya alasiri tulitandika majamvi chini ya mwembe, wenye funguo wakafungua mmoja mmoja, na fedha zikahesabiwa kwa sauti, kila mtu akisikia. Aliyechelewa alitozwa faini. Aliyekopa alitajwa mbele ya wote amekopa ngapi na atalipa lini. Hakukuwa na siri, na kusema kweli hakukuwa na haya.

Ukaja msimu mkubwa wa karafuu. Watu waliuza, wakaweka, sanduku likawa dogo. Tukashauriwa tujisajili tuwe ushirika wa akiba na mikopo, na tukaona fahari. Tukakodi chumba barabarani, tukafungua akaunti mjini Chake Chake, ikanunuliwa na kompyuta. (Riba hatukuiita riba. Tuliiita "gharama za uendeshaji", na mashekhe wetu wakanyamaza.) Zile kufuli tatu zikageuka saini mbili kwenye hundi. Mwenye saini ya pili ni mvuvi, nusu ya mwaka yuko dago, kambi ya wavuvi ya mbali, kwa hiyo kabla ya kuondoka alikuwa akisaini hundi tupu kitabu kizima. Sote tulijua, na tukaona ni busara, mambo yasikwame.

Mweka hazina alikuwa ami yangu, mdogo wake marehemu baba. Kijiji kikifiwa, yeye ndiye huitwa kuosha maiti. Mimi nilikuwa katibu, kwa kuwa nafundisha skuli na mwandiko wangu unasomeka. Miaka 4 mfululizo niliandika kwenye muhtasari wa mkutano mkuu, kwa mkono wangu: "Taarifa ya fedha ilisomwa na kukubaliwa." Karatasi ya benki sikuwahi kuiona hata moja. Ningeiombaje? Nimwambie ami yangu, aliyenibeba mgongoni, anionyeshe ushahidi? Ingekuwa ni kumwambia mbele za watu kwamba namdhania mwizi.

Na wizi haukuwa ndio mwanzo wake, hilo nina yakini nalo. Mwanzo ulikuwa mkarafuu. Huo mti hauzai sawasawa. Mwaka mmoja unakupa mpaka unakosa pa kuanika, kisha unaweza kukaa mwaka au miaka ukakupa vikonyo viwili vitatu. Lakini mkulima hukopa kabla ya msimu, si baada yake. Anahitaji fedha za kupalilia, za majamvi, za kuwalipa wachumaji pishi kwa pishi, za kuwalisha. Tulikopesha karibu kijiji kizima kwa tamaa ya mavuno ambayo hayakuja. Ushirika wa wavuvi, wachuuzi na wakulima pamoja pengine ungestahimili. Wetu ulikuwa wa karafuu mtupu, kwa hiyo tuliumwa wote siku moja.

Ami hakutaka kumwaibisha mtu. Wasioweza kulipa aliwaandikia mikopo mipya kwenye kompyuta, na ile ya zamani ikaonekana imelipwa. Kwenye taarifa tulikuwa tunapata faida! Na baadaye, ili kuliziba pengo, akatoa fedha zilizobaki akazitia kwenye biashara ya vitunguu na mtu wa Tanga, ambaye alipokea mzigo wa mwisho akazima simu.

Tulijua katika kumi la mwisho la Ramadhani, watu walipokuja kutoa fedha za nguo za sikukuu. Wakaambiwa mtandao haufanyi kazi, warudi Jumatatu. Zikapita Jumatatu tatu.

Kule Elkhart benki nyingine ilizichukua amana, na waliokuwa wameweka fedha hawakupoteza. Walioumia ni wenye hisa. Hata huku kwetu, Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilipozifutia leseni benki 5 kwa upungufu wa mtaji, ikiwemo ya ushirika wa wakulima wa Kagera, kulikuwa na Bodi ya Bima ya Amana, iliyofidia hadi shilingi 1,500,000 kwa mtu. Kiwango hicho sasa ni 7,500,000. Lakini bima hiyo ni ya benki, haigusi ushirika kama wetu. Mimi mwalimu nililijua hilo baada ya fedha kwisha, nikawa nawaeleza watu barazani kama naeleza somo, mpaka bibi mmoja mjane akanikatiza.

"Mwanangu, si wewe uliyekuwa ukiandika?"

"Ni mimi, bibi."

"Ulikuwa unaandika nini?"

Sijampa jawabu mpaka leo, na nyumba yake iko njiani kwangu kwenda skuli.

Polisi kesi ilifika, ikarudi. Wazee walisema sisi ni watu wa kuzikana. Shamba la ami likawekwa rahani, na kila msimu karafuu zake zinakwenda kwa wanachama, kidogo kidogo, kwa orodha ninayoishika mimi. Safari hii naomba kila anayepokea aweke saini, na ami ndiye wa kwanza kunikumbusha. Tukikutana ananiuliza hali ya mama. Hatujawahi kulizungumza.

Mwaka huu wanawake wamelitoa lile sanduku uvunguni kwa mama, wakalisugua kutu, wakanunua kufuli mpya tatu. Walinitaka niwe katibu, nikakataa; wakanipa ufunguo mmoja. Wa pili anao yule bibi mjane, asiyejua kusoma, lakini hesabu ya fedha humdanganyi. Jumapili iliyopita ilipungua shilingi 500. Mimi nikasema basi, nitaitoa mfukoni, giza linaingia.

"Kaa kitako, mwalimu," akasema. "Hesabu tena."

Tulihesabu mara nne. Adhana ya magharibi ilitukuta tunakung'uta majamvi, na sarafu ikadondoka kutoka kwenye mshono.