Mlango wa gereji ukigoma, upime kwa mikono kabla ya kuilaumu mota

Mlango wa gereji ukikataa kufunguka, lawama ya kwanza huiendea mota. Ndiyo inayoonekana pale darini, ndiyo yenye taa na mngurumo, na ndiyo tunayoiamrisha kwa rimoti. Lakini kazi ya kubeba mlango si yake. Mlango mpana wa chuma, ule wa magari mawili, unaweza kupita kilo 70, na mota ya nyumbani haikutengenezwa kuinua mzigo wa namna hiyo peke yake. Anayebeba ni springi. Mota inauvuta tu mlango ambao springi imekwisha kuufanya mwepesi. Nalisema hili mapema kwa sababu ukilishika, sehemu kubwa ya kubahatisha inakwisha.

Wetu uligoma asubuhi, mke wangu akiwa ameshakaa kwenye usukani. Alibonyeza rimoti, mota ikanguruma, mlango ukainuka kiasi cha upana wa kiganja, ukasimama, ukarudi chini. "Baba Neema," akaniita, "hebu niletee betri mpya ya rimoti." Nikamwomba asibonyeze tena. Betri haikuwa na kosa: mota ilikuwa imeisikia amri na imejaribu kuitii.

Hapo ndipo ninapoanzia siku zote. Je, mota imeitika au imenyamaza?

Ikinyamaza kabisa, fuata umeme. Plagi yake mara nyingi iko darini, na mtikisiko wa muda mrefu unaweza kuilegeza. Chomeka kitu kingine kwenye soketi ileile uone kama ina umeme, kisha angalia swichi kwenye boksi kuu. Kitufe cha ukutani kikifanya kazi na rimoti ikagoma, hapo ndipo uiwazie betri. Rimoti zote zikifa kwa mpigo, tazama kile kidude cha ukutani: vingi vina kitufe chenye alama ya kufuli, na kikibonyezwa kwa sekunde chache rimoti zote hazisikiki tena. Mtoto anaweza kukibonyeza, hata ngazi iliyoegemezwa ukutani inaweza. Na kama umeweka balbu ya LED kwenye mota hivi karibuni, itoe ujaribu tena, kwa sababu baadhi yake huingilia mawimbi ya rimoti.

Yale macho mawili ya sensa karibu na sakafu yaache. Watu huyafuta na kuyanyoosha asubuhi nzima bure. Kazi yake ni kuzuia mlango usifunge juu ya mtoto au mnyama. Marekani ilifanya kinga ya namna hiyo kuwa lazima kwa mota mpya za nyumbani tangu 1993. Yakichafuka au yakipinda, mlango hukataa kufunga. Wako unakataa kufunguka, kwa hiyo tafuta kwingine.

Mota ikizunguka na cheni ikatembea lakini mlango umetulia tuli, tazama kigari kinachokimbia kwenye reli ya katikati. Huenda ile kamba nyekundu inayoning'inia imevutwa, kigari kikaachana na mlango. Mota ikiunguruma na cheni haisogei, mara nyingi gia ya plastiki iliyo ndani imelika meno. Ukifunua kifuniko, baada ya kuchomoa plagi, utakuta unga mweupe wa plastiki. Mwungurumo bila chochote kuzunguka unaweza pia kuwa kapasita, kile kidude kinachohifadhi umeme wa kuianzisha mota. Hiyo mwachie fundi, kwa maana hubaki na umeme hata plagi ikiwa imechomolewa. Usisahau pia komeo la mlango wenyewe, lile la kusukuma kwa mkono. Mtu akilifunga usiku, mota itapambana nalo hadi ikunje bati.

Sasa niseme kwa nini nilimzuia mke wangu asirudie. Mota inapoinua kidogo na kukata tamaa, maana yake imekutana na uzito kuliko ilivyopangiwa, ikajilinda. Kila unapobonyeza tena unaisukuma gia yake na kukipinda kipande cha juu cha mlango, pale mkono wa mota ulipofungwa. Tatizo lililokuwa moja linakuwa matatu.

Nikawasha tochi, nikamulika juu ya mlango. Springi yetu imevishwa kwenye shafti inayopita juu ya mlango kwa upana wote, na ilikuwa imekatika: mwanya wa vidole viwili au vitatu katikati ya mizunguko ya chuma. Tukaelewa ule mshindo tuliousikia usiku, ambao tulidhani ni kitu kilichoanguka darini. Springi inapokatika hutoa mlio mkubwa namna hiyo, mlango ukiwa umefungwa na hakuna aliyeugusa.

Mpangilio wenyewe unanivutia sana, na naomba nikae hapo kidogo. Kila ncha ya shafti ina puli, na kila puli ina waya wa chuma unaoshuka hadi kona ya chini ya mlango. Mlango ukiwa umefungwa, springi imekazwa kupita wakati mwingine wowote, inataka kujifungua, na kule kutaka kujifungua ndiko kunakovuta waya na kuunyanyua mlango. Mlango ukipanda, vipande vya juu vinaingia kwenye reli ya mlalo na kulala pale, hivyo uzito unaoning'inia unapungua. Wakati huohuo springi nayo inalegea. Nguvu na mzigo vinapungua pamoja hatua kwa hatua, kama mizani isiyopoteza usawa wake. Ndiyo maana mlango mzima unaweza kuuinua kwa mkono mmoja.

Na ndiyo maana springi huchoka. Za kawaida hukadiriwa kudumu mizunguko 10,000, kufungua na kufunga kukihesabiwa mzunguko mmoja. Nyumba inayotumia mlango mara 4 kwa siku inaimaliza hesabu hiyo kabla ya miaka 7 kutimia.

Kama huoni mwanya wowote, upime mlango. Uwe umefungwa, chomoa plagi ya mota, vuta kamba nyekundu, kisha inua kwa mpini, vidole vikiwa mbali na maungio ya vipande. Mlango mzima hupanda bila kukuhangaisha, na ukiuacha kwenye usawa wa kiuno hutulia palepale. Ukiwa mzito kama umeushikilia ukuta, springi imekatika au imechoka. Ukiwa mwepesi lakini unakwama mahali pamoja, kagua rola, yaani vigurudumu vya mlango, na reli upande huo. Lakini kamba nyekundu usiivute mlango ukiwa juu huku unaishuku springi. Hakuna tena kinachoushikilia. Utashuka wote kwa kishindo, na aliye chini yake hana nafasi.

Springi yenyewe sikuigusa, na nakusihi nawe usiiguse. Hata ukiwa na mlango wenye springi mbili na moja imekatika, ya pili bado imekazwa. Fundi huikaza na kuilegeza kwa nondo mbili maalumu zinazoingia sawasawa kwenye matundu yake. Anayechomeka bisibisi hapo anaweza kuvunjwa mkono au kupoteza jicho. Bolti za vishikio vya chini, pale waya unapofungwa, nazo ni hatari ileile.

Mke wangu alipata lifti kwa jirani, gari likabaki ndani. Fundi alipofika aliondoa springi iliyokatika, akapima unene wa waya wake, kipenyo cha ndani, urefu, na upande ulikosokotewa. Kisha akaulaza ukingo wa mlango juu ya mizani ya kupimia watu apate uzito wake halisi. Nilifurahi kuona hilo, maana springi huchaguliwa kwa uzito wa mlango, na mlango uliopakwa rangi tena na tena au kuongezewa vioo hauna tena uzito wake wa zamani. Alipomaliza, kabla ya kurudisha mota, alituita sote tuupime. Mke wangu akauinua, akauacha usawa wa kiuno, ukatulia.

Sasa kipimo hicho tunakirudia mara kwa mara, na tunapuliza mafuta ya silikoni kwenye bawaba, beringi za rola na springi. Reli tunazifuta tu kwa kitambaa. Grisi humo hukusanya vumbi na kuzikwamisha rola.

Kama gereji yako haina mlango mwingine wa kuingilia, angalia leo kama kwa nje, juu katikati ya mlango, kuna tundu dogo la ufunguo. Ufunguo wake hutoa waya unaovuta ile kamba nyekundu kutoka nje umeme ukikatika. Hakikisha ufunguo huo hauhifadhiwi ndani ya gereji.