Ombi la Fedha za Ukarabati Lianzie Kwenye Mabomba

Maombi mengi ya fedha za kukarabati majengo ya vyuo vikuu huandikwa kana kwamba tatizo ni umri. Ukurasa wa kwanza hutaja mwaka jengo lilipofunguliwa na maelfu ya wanafunzi waliopita humo, hufuata picha ya ukuta uliobanduka rangi, kisha huja kiasi kinachoombwa. Nimesoma maandiko mengi ya aina hiyo, na ninaamini kwa dhati kwamba ndiyo yanayowanyima wanafunzi wetu fedha wanazostahili. Anayegawa fedha ana orodha ndefu ya majengo mezani pake, na yote ni ya zamani. Uzee peke yake haumpi sababu ya kulitanguliza hili na kuliacha lile.

Uzee huo una historia yake. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, elimu ya juu ilipanuka kwa kasi ambayo haikuwahi kuonekana. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1944 iliyowalipia masomo askari waliorejea kutoka vitani ilijaza vyuo, na Sheria ya Nyumba ya mwaka 1950 ikaanzisha mikopo ya riba nafuu ya kujengea mabweni. Uingereza ilifuata njia hiyo ya upanuzi baada ya ripoti ya mwaka 1963 ya kamati ya Robbins, iliyoundwa na serikali kuchunguza elimu ya juu, na nchi nyingi za Afrika zilizopata uhuru katika miaka hiyohiyo zikajenga vyuo vikuu vyao vya kitaifa. Majengo mengi, basi, yalisimamishwa katika kipindi kimoja, kwa haraka na kwa vifaa vinavyofanana, na sasa yanachoka kwa pamoja. Paa la bapa lililofunikwa kwa lami hudumu takriban miaka 20, na mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki hudumu takriban miaka 40 hadi 50. Jengo la mwaka 1965 lilipaswa kuwa limebadilishiwa paa mara mbili na mabomba mara moja. Pale ambapo kazi hiyo haikufanyika, gharama yake haikutoweka. Ilihamishiwa kwa watakaofuata.

Wataalamu huiita gharama hiyo matengenezo yaliyoahirishwa, na inapimika. Mwaka 1990, Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilipendekeza kwamba taasisi yenye majengo mengi itenge kila mwaka asilimia 2 hadi 4 ya gharama ya kuyajenga upya kwa ajili ya matengenezo ya kawaida. Upo pia uwiano unaotumiwa sana na idara za miliki za vyuo: jumla ya matengenezo yaliyoahirishwa katika jengo hugawanywa kwa gharama ya kulijenga upya. Chini ya asilimia 5, jengo huhesabiwa kuwa katika hali nzuri. Likivuka asilimia 10, huhesabiwa kuwa katika hali mbaya. Ningependa kuona uwiano huu katika kila ombi, kwa kila jengo, hata kama takwimu zitaaibisha uongozi. Unampa mtoa fedha kipimo cha kulinganishia. Pia unamlazimu mwombaji kupeleka mafundi juu ya dari na chini ya sakafu kabla ya kushika kalamu.

Huko chini ya sakafu ndiko kwenye hoja yenyewe. Ingia katika chumba cha bweni kilicho chini ya bafu la pamoja, uangalie dari. Kwanza utaona duara la rangi ya kahawia, ambalo kwa kawaida hupakwa rangi nyeupe kila likizo na kurudi kabla muhula haujaisha. Kisha plasta huanza kuvimba na kutoa sauti ya utupu ukiigonga. Hatimaye kipande cha zege hudondoka na nondo huonekana, imevimba na kufanya magamba. Zege jipya lina ualkali mkubwa, pH (kipimo cha tindikali na ualkali) ya 12 hadi 13, na ualkali huo ndio unaoikinga nondo dhidi ya kutu. Hewa ukaa ikipenya taratibu kwa miaka mingi, pH hushuka hadi chini ya 9 na kinga hiyo hutoweka. Bomba likivuja juu yake, maji huikamilisha kazi. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichokuwapo, kwa hiyo hulipasua zege kutokea ndani. Rangi haiwezi kuzuia jambo hilo hata kwa siku moja.

Mhandisi wa Kiholanzi, de Sitter, aliieleza hali hii mwaka 1984 kwa kanuni ambayo wahandisi wa zege bado wanaitaja. Kazi ambayo ingegharimu kiasi kimoja ikifanywa vizuri wakati wa ujenzi hugharimu mara 5 ikisubiri hadi karibu na kuanza kwa kutu, mara 25 kutu ikishaanza mahali pamoja, na mara 125 ikishaenea. Ni kanuni ya makadirio, lakini inasema jambo ambalo maombi yetu hulificha: ahirisho nalo ni matumizi ya fedha. Ombi linaloeleza gharama ya mwaka huu peke yake humfanya mtoa fedha aamini kwamba kukataa hakumgharimu chochote. Linapaswa kumwonyesha, kwa hesabu ya mkadiriaji majenzi, kazi hiyohiyo itagharimu kiasi gani baada ya miaka mitano, na ni vyumba vingapi vitakuwa vimefungwa kufikia hapo.

Umeme una hadithi inayokaribiana na hiyo. Vyumba vingi vya zama zile viliwekewa taa moja na soketi moja au mbili, kwa matumizi ya taa ya kusomea na redio. Leo chumba hichohicho kina wanafunzi wengi kuliko kilivyokusudiwa, kila mmoja ana kompyuta na simu, na wengine wana birika au jiko dogo la umeme. Wanaunganisha nyaya za nyongeza moja juu ya nyingine, kisha uongozi hutoa tangazo la kupiga marufuku birika. Sioni haki katika kumlaumu kijana kwa kuchaji kompyuta ambayo chuo chenyewe kinamtaka awe nayo. Tatizo liko katika ubao wa umeme na ukubwa wa nyaya zilizomo ukutani, na hayo ndiyo yanayopaswa kuandikwa, yakiambatana na vipimo vya mzigo vilivyochukuliwa usiku, saa ambazo bweni limejaa.

Kuhusu moto sitaki kutumia maneno ya kutisha, kwa sababu ukweli unatosha. Tarehe 19 Januari 2000, moto ulizuka alfajiri katika bweni la Boland la Chuo Kikuu cha Seton Hall, katika jimbo la New Jersey. Wanafunzi watatu walikufa na wengine zaidi ya 50 wakajeruhiwa. Bweni lile la miaka ya 1950 halikuwa na vinyunyizio vya maji darini, na king'ora kilikuwa kimelia bure mara nyingi mno kiasi kwamba baadhi ya wanafunzi hawakutoka haraka. Katika mwaka huohuo, New Jersey ilipitisha sheria ya kulazimisha vinyunyizio katika mabweni yote na kuanzisha mfuko wa kuvikopesha vyuo fedha za kuviweka. Naumia ninapofikiri kwamba mfuko huo ulipatikana ndani ya miezi michache baada ya mazishi. Haja ilikuwepo kabla, na mafundi wa zima moto waliijua.

Kwa sababu hiyo nashikilia kwamba mabweni yatangulie majengo mengine yote katika orodha ya maombi. Mtu hulala humo akiwa hajui kinachotokea ukutani. Hata hivyo, mahali pengi mabweni huwa ya mwisho, na chanzo ni jinsi fedha zinavyopangwa. Madarasa na maabara huhesabiwa kuwa shughuli ya kitaaluma na hupata fungu la maendeleo kutoka serikalini, ilhali bweni huhesabiwa kuwa huduma inayopaswa kujiendesha kwa kodi ya wanafunzi. Kodi ikiwekwa chini ili mtoto wa maskini apate kitanda, haitoshi kubadilisha mabomba. Ikipandishwa ili itoshe, yeye ndiye wa kwanza kuondoka. Wafadhili nao huvutiwa na jengo jipya ambalo jina lao linaweza kuandikwa mlangoni, na hakuna anayeomba jina lake liandikwe kwenye bomba la majitaka. Njia ya tatu, ya kampuni binafsi kukarabati au kujenga na kukusanya kodi kwa miongo kadhaa, inaweza kufaa, ila mkataba wake usomwe kwa makini katika vipengele viwili: nani anapanga kodi, na nani anabeba hasara vitanda visipojaa.

Yapo pia mambo ambayo hukosekana katika makadirio karibu kila mara, nayo huja kuvuruga kazi katikati. Kubwa kuliko yote ni vitanda vya muda. Bweni haliwezi kubadilishiwa mabomba likiwa na watu, na likizo ndefu haitoshi kwa kazi kubwa, kwa hiyo wanafunzi wa bweni zima watahitaji pa kulala kwa mwaka mzima au zaidi. Gharama hiyo isipoombwa, wanafunzi huenda kujipangia vyumba mtaani kwa bei wasizozimudu, au hurundikwa katika mabweni yaliyobaki na kuyachosha hayo nayo. Jingine ni asbesto, madini ya nyuzinyuzi ambayo yalitumika sana katika mabamba ya paa, vigae vya sakafu na vifuniko vya mabomba ya maji moto. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto husababisha saratani. Uchunguzi wake ufanyike kabla mkandarasi hajapata zabuni, kwa kuwa ukifanyika baada ya ukuta kubomolewa, vumbi limekwishasambaa na kazi itasimama kwa miezi huku chuo kikidaiwa fidia. Fungu la dharura nalo lisipunguzwe ili jumla ipendeze. Jengo kuukuu huficha mengi, na michoro yake ya awali mara nyingi hailingani na kilichomo.

Mtu wa kwanza wa kuulizwa wakati wa kuandaa andiko ni fundi bomba wa chuo. Anajua valvu ipi haijafunga kwa miaka mingi na choo kipi hurudisha maji mvua zikinyesha. Daftari lake la kazi, likiambatanishwa na ombi, lina nguvu kuliko kurasa za utangulizi. Wa pili ni wanafunzi wenyewe, hasa wenye ulemavu, kwani ukarabati unaoacha ngazi bila njia mbadala huwafungia nje kwa miaka 40 mingine.

Ombi lieleze pia fedha za matunzo zitatoka fungu gani kuanzia mwaka wa kwanza baada ya makabidhiano, na bodi ya chuo iweke sahihi katika ukurasa huo. Mkandarasi atakapoondoka, akabidhi michoro ya mabomba na nyaya kama zilivyowekwa, nakala moja ibaki kwa idara ya miliki na nyingine kwa fundi atakayeitwa usiku.